Sir George Kahama: Mlei Mkatoliki Katika Utumishi wa Umma



Baada ya Misa ya Dominika katika kigango kimoja cha Muleba, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo alinifuata sakristia. Majirani zake walikuwa wamemwomba agombee udiwani, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. "Padri," aliniuliza, "mtu anaweza kuingia katika siasa na bado akapokea Komunyo kwa dhamiri safi?" Nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu watu walikuwa wakisubiri. Nimeona nilijibu swali hilo hapa kwa utulivu, nikianzia katika maisha ya mlei mmoja wa mkoa wetu, Marehemu Clement George Kahama.

Wazee wa Bukoba humkumbuka kwa jina la Sir George. Wapo wanaodhani kwamba cheo hicho alikipata kwa Malkia wa Uingereza. Sivyo. Ni heshima aliyotunukiwa na Baba Mtakatifu, kwa desturi ya Kanisa ya kuwapa walei nishani kwa ajili ya utumishi wao. Yaani Kanisa lilimtazama mwanasiasa, likaona katika kazi yake jambo linalostahili shukrani.

Kahama alizaliwa mwaka 1929, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera. Alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi nyumbani na kuwa meneja wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, yaani BNCU, kilichoanzishwa mwaka 1950. Wakati huo Muleba haikuwa bado wilaya. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Hivyo kahawa ya mkulima wa Ihangiro na ya mkulima wa Kiziba ilipitia katika chama kimoja. Tuliokulia mkoani hapa tunajua uzito wa jambo hilo. Mkulima asiye na chama imara huangukia mikononi mwa mnunuzi wa butura, anayelipa fedha kidogo kahawa ikiwa ingali mtini, kisha akavuna jasho la mwenzake. Kabla ya kuwa kiongozi wa kitaifa, Kahama alifanya kazi mahali ambapo haki na dhuluma hupimwa kwenye mizani ya kahawa.

Kutoka ushirika aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mwezi Julai 1959, Waingereza walipokubali kwa mara ya kwanza mawaziri waliotokana na wajumbe waliochaguliwa, Kahama alikuwa mmoja wa watano hao, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Amir Jamal. Alikabidhiwa Wizara ya Ushirika na Maendeleo ya Jamii, akiwa hajatimiza hata miaka 30. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika baraza la Mwalimu Nyerere. Mwaka mmoja tu kabla yake, Papa Yohane wa XXIII alikuwa amemfanya Askofu Laurean Rugambwa wa Rutabo, jimbo lililokuwa na makao yake katika Muleba ya leo, kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Wana wawili wa nchi yetu, mmoja altareni na mwingine serikalini, kila mmoja katika wito wake.

Miaka iliyofuata Kahama hakukaa mahali pamoja. Aliongoza Shirika la Maendeleo la Taifa, yaani NDC. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, alipewa kuongoza Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Aliiwakilisha nchi akiwa balozi Ujerumani Magharibi, China na Zimbabwe, kisha akaongoza kituo cha kuvutia wawekezaji kilichoanzishwa mwaka 1990. Mwaka 2000, akiwa na umri ambao wengi hupumzika, wananchi wa Karagwe walimchagua kuwa mbunge, naye Rais Benjamin Mkapa akamkabidhi Wizara ya Ushirika na Masoko. Baada ya miaka 41 alirudi kwenye kazi ileile aliyoanza nayo. Alifariki dunia tarehe 12 Machi 2017.

Simwelezi kama mtakatifu wa altare. Hukumu ya mwisho ni ya Mungu. Wala si yote aliyoyashughulikia yaliyofaulu upesi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, navyo vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Ujenzi wa Dodoma ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mwanasiasa Mkristo hupanda, na mara nyingi wengine ndio wanaovuna. Hata hivyo, aliporudi wizarani alikuta ushirika umedhoofika, akashika jembe tena. Sera ya Maendeleo ya Ushirika ya mwaka 2002 na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2003 zilitoka katika kipindi chake.

Kanisa linafundisha nini kuhusu maisha ya namna hii? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium namba 31, unasema kwamba walei wameitwa kuutafuta Ufalme wa Mungu wakiwa ndani ya shughuli za dunia hii, wakizipanga kadiri ya mapenzi yake. Gaudium et Spes namba 75 inawasifu wanaojitoa kuhudumia taifa na kubeba mzigo wa madaraka kwa ajili ya mema ya watu. Kwa upande mwingine, Sheria za Kanisa, kanuni ya 285, zinatukataza sisi makleri kushika madaraka ya kiserikali. Kwa hiyo, waamini walei wema wakijitenga na siasa, nafasi hiyo haitajazwa na padri; itajazwa na yeyote aliye tayari kuinunua.

Basi, namjibu mwenyekiti wetu: ndiyo, inawezekana, lakini kwa masharti. Usitoe wala kupokea takrima ya kununua kura, maana anayenunua kura huja kuirudisha fedha yake kutoka kwa maskini. Usiifanye jumuiya kuwa jukwaa la kampeni. Ukiamua kugombea, mkabidhi mwenzako uongozi wa jumuiya kwa kipindi hicho, ili jirani wa chama kingine asione aibu kuja kusali nyumbani kwako. Na ukishinda, kumbuka neno la Bwana katika Mathayo 20:26: aliye mkubwa na awe mtumishi. Ukishindwa, rudi kwenye shamba lako la kahawa bila kinyongo.

Nasi tunaobaki tunao wajibu: kupiga kura kwa dhamiri, kuwaombea viongozi wetu, na kutowadai fedha kila tunapokutana nao.

Mtakatifu Thomas More, msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa, utuombee.