Unywele Shahidi: Zebaki katika Sabuni za Kung'arisha Ngozi

Mkazi wa Nyarubungo, au wa penginepo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, asikiapo neno zebaki huenda akawaza machimbo ya dhahabu. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa. Zebaki huikamata dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990 wataalamu walifika kanda ya Ziwa Viktoria kuchunguza iwapo sumu hiyo imekwisha kuingia miilini mwa watu. Mmoja wao alikuwa daktari Masazumi Harada wa Japani, mchunguzi wa siku nyingi wa maafa ya Minamata.

Kipimo chao kilikuwa unywele. Unywele hukua kwa kadiri ya sentimita 1 kila mwezi, na hukua huku ukihifadhi zebaki iliyokuwamo katika damu wakati ule. Nywele zilikusanywa kwa wachimbaji, kwa wavuvi na jamaa zao, na kwa wakazi wa mji wa Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Nywele nyingi zilikuwa na zebaki kidogo tu. Lakini chache zilizidi sehemu 50 katika milioni, na baadhi ya hizo zilikuwa za watu wasiochimba dhahabu kamwe. Je, ni samaki? La. Zebaki ya samaki huwa ni methili-zebaki, nayo ilikuwa kidogo katika nywele hizo. Lawama iliangukia sabuni ya kuogea.

Sabuni za namna hiyo huwa na iodidi ya zebaki, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kinachohitaji shaba. Zebaki huchukua mahali pa shaba, kazi ikasimama, ngozi ikapauka. Lakini zebaki haiishii juu ya ngozi. Hupenya hadi kwenye damu na kujikusanya katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa taarifa juu ya wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini katika mkojo: zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipoziacha, protini ilikoma kuonekana.

Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi mwaka 1976, isipokuwa kiasi kidogo katika vile vya macho. Hata hivyo, kusafirisha sabuni hizo nje kulikatazwa mwaka 2003 tu. Kwa miaka 27, basi, kilichokuwa sumu kwa mnunuzi wa kule kiliendelea kuwa bidhaa halali ya kumuuzia Mwafrika, ambaye tayari alikuwa amefundishwa na ukoloni kuionea haya rangi yake. Figo, bila shaka, hazina rangi mbili.

Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Wauzaji wengine hawaandiki neno zebaki kwenye karatasi ya bidhaa. Huonya tu kwamba krimu isiguse pete wala mkufu wa dhahabu. Mchimbaji yeyote wa Biharamulo anaijua sababu.