Asili ya Ushirika, na Wafanyabiashara wa Usumbura

Anunuaye sukari dukani Bwiza hulipa pia faida ya kila mkono iliyopitia. Ndivyo walivyong'amua wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844: kila mwanachama kura moja, na ziada kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi. Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliungana mwaka 1925.

Burundi ya Wabelgiji, biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1957 Louis Rwagasore, mwana wa Mfalme Mwambutsa, akawaunganisha wafanyabiashara Waafrika wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, katika ushirika wao wenyewe. Waswahili wa mjini walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Wakoloni hawakuupenda, waliona siasa ndani ya magunia ya kahawa, wala hawakukosea sana. Hata hivyo, kilichouangusha si chuki yao pekee: fedha zilisimamiwa vibaya, madeni yakaulemea.

Ushirika ulianguka, lakini umoja uliozaliwa humo ulibaki. Wafanyabiashara wengi walimfuata Rwagasore katika chama cha UPRONA, kilichopata viti 58 kati ya 64 mwezi Septemba 1961.