Kishada Kilichombeba Mtu Juu ya Maji

Ifikapo tarehe 14 Januari, watoto wengi wa mtaa wa Parklands, mjini Nairobi, hutazama juu. Hiyo ni sikukuu ya Uttarayan, ambayo watu wenye asili ya Gujarat huisherehekea kwa kurusha vishada, nao wenye asili hiyo ni wengi mtaani humo. Upepo ukiwapo, kishada hupanda bila taabu. Ukikosekana, mtoto hushika uzi akakimbia, na kwa mbio zake hupata upepo wa kukiinua. Akisimama, kishada huyumba, kisha huanguka.

Mchezo huo wa watoto ndio ulioigwa na watu wazima wapendao michezo ya majini. Mahali pa mtoto paliwekwa motaboti, mahali pa uzi ikafungwa kamba imara, na chini ya kishada akaning'inia mtu. Motaboti ilipoongeza mwendo, kishada kilimwinua mtu huyo kutoka majini hata akawa angani. Katika miaka ya 1950 vishada vilivyotumika vilikuwa bapa, navyo viliwapendeza sana watazamaji. Lakini wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Kishada bapa hakikuwa na usukani. Kilipoinama upande, au kamba ilipolegea ghafula, aliyening'inia hakuwa na njia ya kujiokoa. Maji, kwa mtu aangukaye kutoka juu kwa kasi, huwa magumu kama sakafu.

Aliyelitatua jambo hilo ni Bwana John Dickenson, fundi wa vyombo vya umeme katika mji wa Grafton, Australia. Mji huo uko kando ya mto Clarence, nao una sifa ya mijakaranda, miti ile ile inayotandaza maua ya zambarau katika barabara za Nairobi. Kila mwaka wenyeji wa Grafton hufanya sherehe ya miti hiyo. Mwaka 1963 chama cha wachezaji wa majini kilimwomba Dickenson atengeneze kishada cha kuonyeshwa siku za sherehe. Yeye aliijua hatari ya vishada bapa, kwa hiyo akatafuta namna nyingine.

Aliipata katika picha ya bawa lililobuniwa na injinia Mmarekani, Francis Rogallo, pamoja na mkewe Gertrude. Mwaka 1948 watu hao wawili walikuwa wamekata pazia la jikoni wakalifanya kishada laini, wakakijaribu nyumbani mwao mbele ya upepo wa feni. Bawa lao halikuhitaji mbao za kulikaza kila upande. Upepo wenyewe ndio uliolijaza na kulipa umbo. Hati ya uvumbuzi walipewa mwaka 1951, wakairuhusu serikali yao kuutumia bila malipo. Wataalamu wa Marekani walifikiria hata kulitumia bawa hilo kurudishia duniani vyombo vya anga vya Gemini, ingawa mwishowe walichagua miavuli.

Bawa lilikuwa limepatikana, lakini mtu angeliongozaje? Jibu lilitoka katika bembea ya watoto. Dickenson alimtundika mtu kwa mikanda chini ya bawa, akining'inia kama mtoto bembeani, na mbele yake akaweka fremu ya pembetatu ya kushika kwa mikono. Mtu akiuvuta upau wa fremu kuelekea kwake, mwili husogea mbele, pua ya bawa huinama na mwendo huongezeka. Akiusukuma, pua huinuka na mwendo hupungua. Mwili ukielemea kushoto, bawa nalo hugeukia kushoto. Hivyo uzito wa mtu, uliokuwa mzigo tu katika kishada bapa, uligeuka kuwa usukani wake.

Vifaa vyake havikuwa vya anasa. Alitumia mbao na vyuma, na kwa kitambaa alichukua plastiki ile ambayo wakulima wa migomba hufunikia mikungu ya ndizi. Alianza kwa mifano midogo, akasahihisha makosa yake moja baada ya jingine. Chombo kamili hakikufaulu mara moja, lakini mnamo Septemba 1963 Bwana Rod Fuller alivutwa na motaboti juu ya mto Clarence, akapaa. Neno kubwa halikuwa kupaa, kwani wengine walikwisha kupaa kabla yake. Neno kubwa lilikuwa kwamba chombo hiki kilitii mkono wa mtu, na hata kamba ilipofunguliwa kiliweza kushuka polepole badala ya kuanguka kama jiwe.

Uvumbuzi huo ulienea upesi. Waaustralia wengine wawili, Bill Moyes na Bill Bennett, waliuchukua na kuutangaza duniani, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kuruka kutoka milimani pasipo motaboti wala kamba. Lakini Dickenson hakutajirika. Ombi lake la hati ya uvumbuzi lilikwisha muda kwa kukosa fedha za kuliendeleza, na kwa miaka mingi sifa zake zilikwenda kwa wengine. Heshima ilimfikia mwaka 2012, karibu miaka 50 baadaye, shirikisho la kimataifa la michezo ya angani lilipomtunuku nishani yake ya dhahabu.

Mtoto wa Parklands akimbiaye na uzi wake bado anajifunza somo la kwanza, nalo ni namna ya kupanda. Somo la pili, la kushuka salama, lilimdai fundi wa Grafton subira, macho ya kuitazama bembea na plastiki ya mikungu ya ndizi.