Mbona Ngoma Za Kitambo Bado Zinatubamba Huku Galu?

DJ akidondosha "Kadzo" ya Ali B ama "Watu na Viti" ya Nyota Ndogo kwa harusi hapa Galu, hata msee aliyeshika sahani ya pilau anainuka. Hizo ni ngoma za miaka ya 2000. Mbona bado zinatubamba hivi?

Moja, umri. Watafiti wa kumbukumbu washaonyesha vitu vya ujanani ndivyo hushika sana kichwani.

Mbili, tulikuwa tunangoja. YouTube ilianza 2005, lakini bando ilikuwa ya wenye doo. Video uliivizia kwa tivi ya jirani, mmejaa sebuleni. Ukitumwa dukani, imekupita. Na kitu ulichongojea, hukisahau.

Tatu, lugha. Kadzo ni jina la Kimijikenda. Kusikia jina la kwetu kwa tivi za Nairobi haikuwa kitu ndogo.

Noma ni kuwa shoo ya tivi isipohifadhiwa na mtu, imeenda na maji. Mzee wako akiwa na kanda ama CD za kitambo kabatini, usingoje zioze na hii hewa ya chumvi. Zihamishe sahii.