Istilahi za Tiba ya Meno: Jino la Ziada

Jino la ziada ni jino lolote liotalo kupita idadi ya kawaida, ambayo ni meno 20 ya utotoni au 32 ya ukubwani. Katika meno ya ukubwani huonekana kwa watu wapatao mmoja hadi watatu katika kila mia, na kwa wanaume zaidi kuliko wanawake.

Tunawaomba wafasiri wasilitumie neno kigego mahali pa istilahi hii. Kigego ni mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, ambaye zamani alidhaniwa kuleta nuhusi. Neno hilo lahusu utaratibu wa kuota, si idadi. Tena lina tusi ndani yake. Kadhalika, jino alilozaliwa nalo mtoto aghalabu ni jino lake la kawaida la utotoni lililowahi kuota. Likiitwa la ziada na kung'olewa kwa sababu hiyo, mtoto atabaki na pengo.

Kwa kufuata mahali, twapendekeza istilahi tatu: jino la ziada la kati, liotalo baina ya meno mawili ya mbele ya taya la juu, nalo ndilo lionekanalo zaidi, la ubavuni, liotalo kando ya magego, na la nyuma, liotalo nyuma ya gego la mwisho.

Mengi ya meno haya hayatokezi nje ya ufizi. Daktari hushuku aonapo jino moja la mbele limeota na mwenzake amechelewa mno, au mwanya mpana usio wa kawaida. Ingawa si kila mwanya ni dalili ya ugonjwa, na wengi wetu twauhesabu kuwa uzuri. Basi huhesabu meno, kisha hupiga picha za eksirei kwa pembe mbili tofauti, ili ajue kama jino limejificha mbele au nyuma ya mizizi ya mengine.

Jino la ziada linalozuia au kusukuma jirani zake, kuila mizizi yao, au lililozungukwa na kifuko cha majimaji, hung'olewa. Lisilodhuru huweza kuachwa na kuchunguzwa mara kwa mara. Uangalizi huo ni sehemu ya tiba, wala usifasiriwe kuwa ni kuacha kutibu. Kwani mgonjwa aliyeambiwa kuwa hatibiwi hataona sababu ya kurudi kupigwa picha.