Mwiba, Mdudu na Harage: Ushauri Usiouliza Swali

Kwa desturi, daktari wa masikio, pua na koo huanza kwa kumuuliza mgonjwa anasumbuliwa na nini. Siku hizi, kwa wagonjwa wanaotufikia kutoka Mwanga, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, swali hilo peke yake halitoshi. Sharti lifuatiwe na la pili: kabla ya kuja hapa, simu ilikuelekeza ufanye nini? Wengi huinamisha macho kidogo, kisha husema. Huyu alikunywa siki. Yule alimeza matonge makavu ya ugali wa muhogo, moja baada ya jingine, hata machozi yakamtoka. Mtoto wa tatu alimiminiwa maji ya chumvi puani mara tano, kwa sababu kijana mmoja kwenye video alionyesha hivyo huku muziki ukipigwa.

Nisieleweke kwamba nawalaumu. Saa tano usiku mtoto analia, zahanati imefungwa, na mzazi aliyeko Mwamgongo au Kagunga hana boti la kumfikisha Kibirizi hadi kupambazuke. Mtu wa namna hiyo akiiuliza simu yake ametenda jambo la busara kabisa. Kinachonikera ni jibu analopewa. Mara nyingi jibu hilo si uongo mtupu. Lingekuwa uongo mtupu, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Ni maneno yaliyowahi kuwa kweli kwa sikio fulani, la mtu fulani, lililoingiwa na kitu fulani, kisha yakang'olewa katika hali hiyo na kugawiwa kwa kila mtu. Simu hujibu kabla ya kuuliza.

Tuchukue mwiba, kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa na kuhe au mgebuka hawakosi mezani. Anayenaswa na mwiba huambiwa ameze tonge kubwa bila kutafuna, au ndizi, au siki, au soda. Tonge lina sifa moja inayolipa umaarufu: mara kadhaa hufanikiwa, na aliyefanikiwa ndiye anayerekodi video. Aliyeshindwa yuko wodini.

Miiba mingi ya samaki hunasa juu, kwenye tonsili au kwenye shina la ulimi, mahali ambapo mhudumu mwenye taa nzuri na kibano kirefu anaweza kuuona na kuutoa kwa dakika chache. Tonge linapoupitia huweza kuukandamiza ndani ya nyama, au kuushusha hadi kwenye umio, mrija unaopeleka chakula tumboni. Ukuta wa umio ni mwembamba. Mwiba ukiutoboa, hewa na mate yenye vijidudu huvujia shingoni na kifuani, na kazi iliyokuwa ya dakika tano inageuka kuwa upasuaji na wiki kadhaa za kulazwa. Wapo tunaowapoteza.

Siki nayo? Ni kweli kwamba mfupa hulainika ukilowekwa ndani ya siki, lakini kwa saa nyingi, pengine siku. Siki inayonywewa hupita kooni kwa sekunde. Mgonjwa hubaki na mwiba uleule, pamoja na koo lililochubuka. Kuhusu soda, madaktari wa Uholanzi waliijaribu kwa watu 51 waliokwamwa na chakula kwenye umio, wakachapisha matokeo mwaka 2023: walionywa kola na waliosubiri tu walipona kwa kiwango kilekile, takriban 61 katika kila 100. Hapo palikuwa na tonge la chakula, si mwiba.

Mwiba ukinasa, acha kula. Kohoa kwa nguvu mara chache, sukutua kwa maji, mwombe mtu akumulike kwa tochi bila kuingiza kidole. Maumivu madogo ya kuchubuka huweza kubaki kwa siku moja au mbili hata baada ya mwiba kutoka. Lakini hisia ya kuchomwa mahali palepale kila umezapo ikiendelea hadi asubuhi, nenda hospitali. Ukitokwa na udenda usioweza kuumeza, homa, damu, uvimbe wa shingo au maumivu ya kifua, usingoje asubuhi. (Anayeshindwa kupumua au kusema ana shida nyingine kabisa: huyo apigwe mgongoni kati ya mabega papo hapo, na asipopata nafuu akumbatiwe kutoka nyuma na kukandamizwa juu ya kitovu kwa msukumo wa kwenda juu.)

Sikio ndilo lenye kisa kikongwe kuliko vyote katika ziwa letu. Machi 1858, John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika Ujiji mwezi uliotangulia pamoja na Richard Burton, alikuwa safarini kuvuka ziwa kwenda kutafuta jahazi upande wa magharibi. Usiku mmoja dhoruba ililitikisa hema lake. Alipowasha mshumaa apange upya vitu vyake, mbawakawa wadogo weusi waliufuata mwanga kwa makundi, na alipolala mmoja wao akapenya sikioni na kuanza kuchimba. Speke hakuwa na simu, lakini alikuwa na ushauri kichwani: tumbaku, mafuta au chumvi. Vyote vitatu vilikosekana, jambo la kushangaza kidogo kwa upande wa mafuta, ukikumbuka michikichi ya mwambao huu. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Ndipo akaingiza ncha ya kisu kidogo.

Mdudu alikufa. Sikio likajeruhiwa, likatunga usaha, uso na shingo vikavimba na kuota majipu, na kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi, na kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, hata watu wakamcheka. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta miezi sita au saba baadaye. Daktari wa leo akisoma habari za mluzi ule anajua kilichotokea: ngoma ya sikio ilitoboka, na hewa ya kupenga ikapanda kwa mrija unaounganisha pua na sikio la kati, ikatokea nje.

Nimekirudia kisa hiki kwa sababu kisu cha Speke bado kiko majumbani mwetu. Kimebadilika tu kuwa pini ya nywele, njiti ya kiberiti au kijiti cha pamba. Na mafuta aliyoyakosa yalikuwa ushauri sahihi. Mdudu aliye hai sikioni huuawa kwa mafuta mepesi: mgonjwa alale ubavu, sikio likiwa juu, amiminiwe matone machache ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto, atulie dakika kadhaa mpaka mtikisiko ukome, kisha aende kituoni mdudu atolewe. Kurasa nyingi humtaka mtu atafute mafuta ya zeituni. Sijui ni nyumba ngapi za Mwanga zenye chupa hiyo, alizeti hutosha. Mawese hayafai sana, maana yakipoa huganda na kumzuia mhudumu asione ndani.

Lakini tazama masharti ambayo video haiyataji. Sikio linalotoa usaha, au lililowahi kutoboka, lisitiwe mafuta, maji wala kitu chochote. Na kama kilichoingia si mdudu bali harage, maji ndiyo mabaya zaidi: harage huvimba kama lililowekwa ndani ya sufuria usiku kucha, likabana kuta za tundu la sikio. Harage lililoingia jana likiwa kavu hutoka kwa urahisi. Lililomwagiwa maji mara tatu hutulazimu wakati mwingine kumlaza mtoto kwa dawa ya usingizi.

Pua huingiwa na vilevile, hasa kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano: maharage, shanga, punje za mahindi, vipande vya sifongo. Ajabu ni kwamba ushauri mmoja mzuri kuliko yote, usiohitaji kununua chochote, hauonekani sana. Huitwa busu la mama, na ulielezwa na daktari mmoja wa Marekani mwaka 1965. Mzazi humwambia mtoto kwamba atambusu. Huziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, huweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto ulio wazi, hupuliza taratibu mpaka ahisi hewa imezuiwa, kisha hupuliza mara moja kwa ghafla. Hewa huzunguka nyuma ya koo na kukisukuma kitu nje. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012, yakihusu watoto 154, yalikuta kwamba karibu 60 katika kila 100 walifanikiwa bila madhara.

Kitu kimoja hakina msamaha, nacho ni betri ndogo ya duara, ile ya umbo la kifungo inayokaa ndani ya saa, rimoti na vichezeo vyenye taa. Ikikaa puani, umeme wake hugeuza unyevu wa pua kuwa sumu inayounguza nyama, na saa chache hutosha kutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili. Maji ya chumvi, ambayo ni mema kwa mtoto mwenye mafua, hapa huukoleza umeme huo. Pua ileile, maji yaleyale, matokeo mawili tofauti.

Kwa wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya nina maombi machache. Koleo haishiki kitu cha duara. Huteleza na kukisukuma ndani, hivyo shanga hutolewa kwa ndoana butu inayopita nyuma yake. Jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi kubwa ya kufaulu. Mtoto akishashikwa kwa nguvu na kuumizwa mara mbili, hatamruhusu mtu wa tatu, kwa hiyo ukiona huna kifaa au mwanga, mpe rufaa mapema. Mtoto mwenye kamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu asipewe dawa za mafua kabla hujamulika. Na mama akikiri kwamba alifuata simu, usimfokee mbele ya foleni. Akifokewa leo, safari ijayo ataficha, nawe utamwaga maji juu ya harage lililokwisha kuvimba.

Simu yenyewe ingeweza kutusaidia kama upande wa pili kungekuwa na mtu. Zahanati nyingi zina mhudumu ambaye namba yake inajulikana kijijini. Mama akimpigia usiku, maswali manne hutosha: nini kimeingia, kimeingia lini, mtoto ana umri gani na amewahi kuugua sikio, na hadi sasa umemfanyia nini. Harage kavu sikioni kwa mtoto anayecheza hungoja boti la abiria la asubuhi. Mama akijibu kwamba hajui ni nini, ila rimoti imefunguka na betri haionekani, mhudumu amwambie asimimine chochote, na amtafute sasa hivi mvuvi mwenye injini.