Kwa Nini Ng'ombe Huugua Baada ya Safari, Njaa au Hofu

Mfugaji hununua dume mnadani akiwa mzima, manyoya yanang'aa, pua safi. Anamswaga kwa miguu au anampakia kwenye lori hadi Kiabakari. Baada ya wiki moja hivi dume anakohoa, anatoa makamasi na hataki malisho. Lawama humwendea muuzaji, au jicho la jirani. Lakini mara nyingi muuzaji hakuficha kitu. Bakteria aina ya pasturela, wanaoleta homa ya mapafu baada ya safari, huishi puani na kooni mwa ng'ombe wengi wazima bila kuwadhuru. Kilichobadilika njiani ni kinga ya mnyama mwenyewe, na mabadiliko hayo yalianzia kwenye ubongo.

Tezi ya shingoni

Ukichinja ndama utaona pande zote mbili za koromeo nyama laini, nyeupe-nyeupe, yenye vifundo vifundo, inayoshuka hadi kifuani karibu na moyo. Hiyo ni tezi ya thaimasi. Humo ndimo aina moja ya chembechembe nyeupe za damu hukomazwa na kufundishwa kutofautisha mwili na adui kabla ya kuachiwa ziende kwenye damu, bandama na mitoki. Kwa ndama tezi hii ni kubwa. Mnyama akikua husinyaa yenyewe, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta.

Husinyaa pia kwa shida. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye wa Montreal, Kanada, aliandika kwamba panya waliowekwa kwenye baridi, waliojeruhiwa au kuchoshwa kupita kiasi walikutwa na thaimasi iliyonywea na tezi za juu ya figo zilizokua kuliko kawaida. Shida zilikuwa tofauti, matokeo yakawa yale yale.

Njia yenyewe ni hii. Ng'ombe akiogopa, akiumia au akikosa maji, ubongo hupeleka habari kwa njia mbili. Ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo hufika moja kwa moja kwenye tezi za juu ya figo, na matawi yake mengine huingia ndani ya thaimasi, bandama na mitoki. Ndani ya sekunde adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, mnyama yuko tayari kukimbia. Ya pili ni ya taratibu zaidi: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutuma homoni kupitia damu, nazo tezi za juu ya figo hutoa kortizoli.

Kortizoli ya muda mfupi humsaidia mnyama. Ikidumu kwa siku nyingi, huua chembe changa zilizomo kwenye thaimasi na kuzilegeza zile zilizokwisha kukomaa. Hapo pasturela waliokuwa kooni hushuka mapafuni. Vilevile ng'ombe aliyepona ndigana baridi anaweza kubaki na vimelea kwenye damu kwa miaka, na akidhoofika sana ugonjwa unaweza kurudi bila kupe mpya kumuuma. Tuelewane: hofu peke yake haileti ndigana. Mara nyingi kupe ndiye anayeileta, na josho ni muhimu.

Sindano ya "kumsimamisha"

Wapo wanaonunua deksamethasoni dukani na kumchoma kila mnyama anayelala chini, kwa kuwa homa hushuka na mnyama huinuka. Dawa hiyo ni ndugu wa kortizoli, tena ina nguvu kuliko ile ya mwilini. Homa imezimwa lakini vijidudu viko pale pale, na kinga iliyokuwa ikipigana nayo imezimwa. Ndiyo maana mnyama husimama leo, akaanguka kesho kutwa. Ng'ombe mwenye mimba kubwa anaweza kuitupa. Dawa hii ina kazi yake, ila aamue daktari wa mifugo baada ya kumpima mnyama.

Chanjo na shughuli nyingine

Chanjo haimpi mnyama kinga ya tayari. Humfundisha mwili wake kuitengeneza. Mwili uliojaa kortizoli hujifunza vibaya. Kwa hiyo usimwachishe ndama kunyonya, ukamhasi, ukamkata pembe na kumchanja siku hiyo hiyo kwa sababu tu kamba imeshafungwa. Acha wiki mbili kati ya shughuli kubwa. Mnyama aliyetoka mnadani apewe maji na majani kwanza, akae mbali na kundi siku zisizopungua 14, kisha ndipo achanjwe. (Kwa homa ya mapafu ya kuambukiza siku hizo hazitoshi, kwani ugonjwa huo unaweza kujificha kwa miezi.) Chanjo za kawaida ni vyema zipangwe mifugo ikiwa na nyama mwilini, si mwisho wa kiangazi mbavu zikihesabika. Lakini kampeni ikitangazwa kwa ajili ya mlipuko, leteni wote, hata waliokonda, isipokuwa wanaoonekana wagonjwa. Hao waonyesheni afisa mifugo kwanza.

Siku ya chanjo wasiswagwe jua la mchana, wala vijana wasiwachape mlangoni pa kibanio. Ndama wakae karibu na mama zao. Thaimasi ya mnyama mchanga iliyosinyaa huweza kukua tena akipata malisho na utulivu, kwa hiyo ndama aliyedhoofika msimuuze kwa hasara kabla hajapewa wiki chache za kupumzika, maji ya kutosha na dawa ya minyoo.